Mintarafu ya Neno "Kulinganisha" katika Mwongozo wa Kompyuta za Zamani

Miezi michache iliyopita nililetewa muswada wa mwongozo uliofasiriwa kutoka Kiingereza, niupitie kabla haujapigwa chapa kwa matumizi ya wanafunzi wa ufundi wa chuo kimoja. Mwongozo wenyewe si mrefu, na lugha yake kwa jumla ni njema. Mfasiri ni mtu anayekijua Kiswahili, tena hapendi kuazima maneno ovyo. Wahusu kompyuta za zamani za kampuni ya IBM, zile za jamii ya PS/2, ambazo chuo hicho kinazo chache na kinazitumia kuwafundisha vijana jinsi mashine inavyojitambua na kujipima kabla ya kuanza kazi. Katika ukurasa wa nne nilikuta agizo hili: "Linganisha faili za uchunguzi zilizomo katika diski mbili za rejea."

Sentensi hiyo ni fupi, sarufi yake haina kasoro, na mwalimu wa lugha angeitia alama ya vema bila kusita. Hata hivyo kijana mmoja alikuwa amekwisha kulitekeleza agizo hilo kwa kufuata rasimu, na kwa kulitekeleza kama alivyolielewa akaifuta disketi ambayo chuo hakikuwa na nyingine ya namna yake. Hakuwa mzembe. Alitenda hasa alivyoambiwa na Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kosa lilikuwa wapi, maana mimi naona halikuwa la kijana, wala halikuwa la mfasiri peke yake; lilikuwamo katika istilahi ambazo sisi wenyewe tumeziachia zibebe maana mbili mbili mpaka siku mtu alipozitia kazini.

Hapana budi kwanza kukieleza chombo chenyewe, kwani hawezi kuhakiki istilahi yule asiyekijua kitu kinachoitwa kwa istilahi hiyo. IBM ilizitangaza kompyuta za PS/2 tarehe 2 Aprili, 1987. Miongoni mwake, zile zilizoitwa Model 50, Model 60 na Model 80 zilikuwa na njia mpya ya kuunganishia kadi ndani ya mashine, iliyopewa jina la Micro Channel. Kabla ya hapo fundi aliyetaka kuongeza kadi alilazimika kugeuza viswichi vidogo au kuhamisha vijipini juu ya kadi yenyewe, na akikosea, kadi mbili ziligombea nafasi moja na mashine ikagoma. Katika Micro Channel kazi hiyo iliondolewa mikononi mwa fundi ikatiwa katika programu. Kila aina ya kadi ilipewa namba yake ya utambulisho, yenye tarakimu nne za msingi wa kumi na sita, na mashine ikawa inaweka kumbukumbu ya kadi zilizomo na mpangilio wake katika sehemu inayolishwa na betri.

Betri ikifa, kumbukumbu hiyo hupotea. Mashine ikiwashwa hutoa namba 161, yaani betri imekwisha, na mara nyingi hufuatiwa na 163, yaani tarehe na saa hazijawekwa. Kadi iliyomo isipopatana na kumbukumbu, hutokea 165. Hapo hakuna njia isipokuwa kutia disketi iliyokuja na mashine, na kuipanga mashine upya kutoka humo. Ukiifungua menyu ya disketi hiyo utakuta kazi za kujifunza habari za mashine, kutoa nakala ya disketi yenyewe, kupanga mashine, kunakili yaliyomo katika disketi ya kadi mpya, kuiandaa mashine kwa safari, na kuipima. Vipimo vya mafundi vimefichwa. Hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl pamoja na A.

Katika kazi hizo, ile ya kunakili yaliyomo katika disketi ya kadi mpya ndiyo yenye uzito kwetu. Mtu aliponunua kadi alipewa na disketi ndogo ya kadi hiyo. Ndani yake mlikuwa na faili ya maelezo, ambayo jina lake huanza kwa alama ya @, hufuatiwa na zile tarakimu nne za utambulisho, na huishia na herufi ADF. Na mara nyingi mlikuwa pia na faili ya programu ya kuipimia kadi. Mwenye mashine alitakiwa kuzihamishia faili hizo katika nakala yake ya disketi kuu. Kwa hiyo disketi mbili zilizotoka kiwandani zikiwa pacha, baada ya miaka mitatu katika ofisi mbili hazikuwa pacha tena. Moja ilikuwa imepata kadi ya mtandao, nyingine kadi ya kumbukumbu, na kila moja ilibeba alama ya kadi zilizopata kutiwa katika mashine yake. Tofauti baina ya disketi hizo si uchafu wa kusafishwa. Ni historia ya mashine, na mara nyingine ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa disketi mbili za chuo. Ya kwanza ilikuwa nakala safi ya kiwandani. Ya pili ilikuwa imeongezewa faili za kadi moja ya mtandao, iliyomo ndani ya mashine hadi leo. Kijana aliambiwa azilinganishe. Akaona hazilingani. Akachukua ile safi, akainakili yote juu ya ile iliyoongezewa, kisha akaandika katika daftari lake: "Sasa ziko sawa."

Nianze na neno ambalo halitanichukua muda mrefu, yaani "diski ya rejea". Jina la Kiingereza lililobandikwa na IBM latumia neno "reference", na mfasiri amelipeleka moja kwa moja kwenye mzizi wa kurejea. Kwa ofisa wa masijala, kitu cha rejea ni kile kinachotakiwa kurudishwa. Kwa mwalimu, marejeo ni orodha ya vitabu mwishoni mwa kitabu. Disketi hii si hiki wala si kile. Ni disketi ya kupangia na kupimia mashine, na kama IBM ingeliiita hivyo tangu mwanzo tusingekuwa na shida. Lakini kosa kubwa lipo penginepo. Jina hilo likikaa karibu na kitenzi "linganisha", msomaji hupata wazo la tatu: kwamba rejea ni kigezo, yaani kitu ambacho vingine hupimwa navyo na kusahihishwa kwacho. Kijana aliniambia hivyo waziwazi nilipomhoji. Aliposoma "diski mbili za rejea" alijiuliza ni ipi iliyo kigezo cha mwenziwe, na kwa kuwa moja ilikuwa na lebo ya kiwanda, akaamua ni hiyo. Maneno mawili, kila moja likiwa na udhaifu mdogo, yalishikana mikono yakamwongoza mahali ambapo hakuna moja kati yao lingemfikisha peke yake.

Kuhusu neno "disketi", ninalolitumia hapa badala ya "diski laini" ya vitabu fulani, nitasema kidogo tu. Zile za PS/2 zina upana wa inchi tatu na nusu na gamba gumu la plastiki. Kumwambia mwanafunzi aliyeishika mkononi kwamba hiki ni kitu laini ni kumfanya aidharau kamusi.

Sasa tuje kwenye "faili za uchunguzi". Neno la Kiingereza "diagnostic" ni la waganga, na wahandisi waliliazima kwa sitiari: mashine ni mgonjwa, programu ni daktari. Mfasiri alikuwa na njia tatu mbele yake. Angeweza kusema uaguzi, lakini uaguzi kwetu una bao na kitabu cha nyota, na mwanafunzi angecheka kabla ya kusoma. Angeweza kusema uchunguzi, kama alivyofanya. Na angeweza kusema upimaji.

Tatizo la uchunguzi ni kwamba neno hilo limekwisha kuajiriwa kwingine, tena kwa mishahara miwili. Polisi hufanya uchunguzi wa kesi. Wataalamu nao kwa miaka mingi walilitumia kwa maana ya utafiti; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilibeba neno hilo katika jina lake tangu mwaka 1970 hadi ilipounganishwa katika taasisi mpya mwaka 2009. Kwa hiyo "faili za uchunguzi" husomeka kwanza kama majalada yenye habari za uchunguzi uliofanywa, yaani ripoti. Karani yeyote atakuambia jalada la uchunguzi ni nini, na hatakuambia kuwa ni programu inayotenda kazi.

Nami nauliza: programu zilizomo katika disketi hii hufanya nini kwa kweli? Hazigundui maradhi. Huandika tarakimu katika kumbukumbu ya mashine na kuzisoma tena kuona kama zimerudi zilivyokwenda. Hujaribu kibodi, huizungusha diski, hutuma alama kwenye kadi na kungoja jibu. Mwishoni hutoa namba. Anayejua kwamba namba hiyo ina maana gani ni fundi aliyeshika kitabu cha namba. Mgonjwa wa Kiswahili alikwisha kuzitenganisha kazi hizi mbili zamani: husema amekwenda kupima, akapewa majibu, kisha daktari akamwambia ana ugonjwa gani. Mashine hii yafanya lile la kwanza tu. Basi ziitwe faili za kupimia, au programu za upimaji, na utambuzi wa ugonjwa tumwachie binadamu ambaye ndiye mwenye dhamana nao. Hapa Kiswahili kina nafasi ya kusema ukweli kuliko Kiingereza, na yafaa tuitumie.

Zaidi ya hayo, mfasiri ameziita faili zote za disketi kwa jina hilo moja, jambo ambalo hata asili ya Kiingereza, iliyoandikwa kwa uvivu, imechangia. Faili ya ADF haipimi chochote. Ni maandishi ya kawaida, yaweza kufunguliwa na kusomwa kwa macho: humo mna namba ya kadi, jina lake, nafasi inazoweza kupewa, chaguo alizonazo mtumiaji, na maneno ya msaada kwa kila chaguo. Ile ya kupimia imeandikwa kwa lugha ya mashine, na kwa macho ya binadamu ni makorokoro. Tofauti hii si ya kupendeza wataalamu tu. Ndiyo inayoamua namna ya kufanya hicho kinachoitwa kulinganisha.

Tumefika sasa kwenye neno lenyewe. Kitenzi "linganisha" kimejengwa juu ya "lingana", na kiambishi chake cha kutendesha kina tabia ya kubeba maana mbili. Maana ya kwanza ni ya fikra: kuviweka vitu viwili mbele ya akili ili kuona vinalingana kwa kiasi gani. Maana ya pili ni ya mikono: kuvifanya vilingane. Mwashi akimwambia saidia wake alinganishe matofali, hamtaki akae ayatafakari. Fundi cherehani akiambiwa alinganishe mikono ya shati, atachukua mkasi. Maana hizi mbili zimeishi pamoja kwa amani kwa sababu kwa kawaida kitu chenyewe hutuambia ni ipi inayotakiwa. Mwanafunzi aliyeambiwa katika mtihani alinganishe Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika hana uwezo wa kuyafanya yawe sawa, hata angependa.

Lakini mbele ya kompyuta uwezo huo anao. Amri ya kunakili ni fupi kuliko amri ya kutafuta tofauti, huisha upesi, na haiulizi kwa nini. Faili ni kitu cha kwanza kuingia katika shule zetu ambacho mtu aweza kukitafakari na kukifuta kwa kidole kilekile. Kwa hiyo neno lililotutosha kwa maziwa, kwa mashairi na kwa tawala za wakoloni halitutoshi hapa, na si haki kumlaumu kijana kwa kuchukua maana ya fundi cherehani ilhali yeye mwenyewe ni mwanafunzi wa ufundi.

Nisieleweke kwamba Kiingereza hakina ugonjwa huu. Katika mfumo wa DOS, ambao ndio uliotumika na mashine hizi, mlikuwa na amri tatu. DISKCOMP ilipambanisha disketi nzima na disketi nzima, njia kwa njia. COMP ilipambanisha faili na faili, baiti kwa baiti. Katika matoleo yake ya zamani ilikataa kuendelea ukubwa wa faili ukitofautiana, na ilikata tamaa baada ya tofauti kumi. FC ilifanya kazi kama hiyo, ila iliweza kusoma maandishi mstari kwa mstari, na ikiongezewa herufi B ilisoma baiti kwa baiti. COMP ikikosa tofauti ilijibu kwa maneno ambayo, yakifasiriwa kama yalivyo, yangekuwa "faili zinalinganisha vema", msemo ambao hata kwa Waingereza wenyewe ni wa mashine kuliko wa watu. FC ilijibu kwamba hapana tofauti iliyokutwa. Jibu la FC lafasirika bila taabu. La COMP halifasiriki. Mfasiri wetu amechagua la COMP, akaandika: "Faili ni sawa."

Na hapa pana mtego wa nne, ambao karibu unipite. Neno "sawa" katika Kiswahili ni usawa, na pia ni uzima. Gari liko sawa maana yake halina hitilafu. Katika ukurasa wa tatu wa mwongozo huohuo, mfasiri ametumia "iko sawa" kwa mashine iliyofaulu vipimo vyake vyote. Katika ukurasa wa tano anatumia "ni sawa" kwa faili mbili zisizo na tofauti. Mwanafunzi asomaye kurasa hizo kwa kufuatana ataamini kwamba faili zinazofanana ni faili nzima. Sivyo. Disketi mbili zilizonakiliwa kutoka asili moja iliyoharibika zitafanana baiti kwa baiti. Zitakuwa sawa, wala hazitakuwa sawa. Kinyume chake, zile disketi mbili za chuo hazikuwa sawa, na zote mbili zilikuwa sawa kabisa. Katika mazungumzo ya barazani mchezo huu wa maneno wafurahisha. Katika mwongozo wa upimaji ni hatari. Napendekeza "sawa" lifutwe kwenye kurasa zote mbili. Mashine ifaulu au ishindwe vipimo. Faili ziwe na tofauti au zisiwe na tofauti.

Tuweke neno gani, basi, mahali pa "linganisha"? "Fananisha" ni baya zaidi, kwani katika mazungumzo ya kila siku mtu husema "samahani, nilikufananisha" pale alipokosea kumtambua mtu. Haiwezekani tukaagiza mafundi wafanye kosa hilo kwa makusudi. "Sawazisha", "landanisha" na "oanisha" yote yana maana ya mikono, nayo yafaa yabakie kwa kazi ya kuyafanya yaliyomo mahali pawili yawe mamoja, kazi ambayo baadhi ya programu zilizotafsiriwa zimekwisha kuyapa maneno hayo. Wenzetu wa Kenya, katika karatasi zao za mitihani, humwambia mwanafunzi "linganisha na ulinganue", wakitenga kutafuta mfanano na kutafuta tofauti. Ni hatua nzuri, nami ningeipokea kwa mikono miwili kama si jambo moja: "linganua" yadhania kwamba tofauti ipo, na aketiye mbele ya disketi mbili hajui bado kama ipo.

Neno ninaloliunga mkono ni "pambanisha", ambalo nimekwisha kulitumia hapo juu bila kumwonya msomaji, ili nione kama litapita. Kupambanisha ni kuvikutanisha vitu viwili uso kwa uso. Hakuahidi kwamba vitafanana wala kwamba vitatofautiana, na hakuruhusu kukigusa kimojawapo. Tena jirani yake ni "pambanua", kutenga hiki na kile, kwa hiyo tunapata jozi inayofuatana kama hatua mbili za kazi yenyewe: kwanza twapambanisha faili, kisha twapambanua tofauti. Wazo hili si geni katika elimu ya maandishi. Katika taaluma ya miswada ya Kiarabu, kazi ya kuisoma nakala mpya mbele ya ile iliyonakiliwa, ili kukamata makosa ya mwandishi, huitwa muqabala. Na sisi tunalo neno "mkabala", pamoja na kitenzi "kabili", kutoka mzizi huohuo. Mnakili aliyefanya muqabala hakubadili asili. Alichokiona alikiandika pembeni.

Najua pingamizi litakalokuja, maana limekwisha kuja. Pambanisha, wasema, ni la mabondia na majogoo. Ni kweli kwamba magazeti ya michezo yamelitumia sana, na mwanafunzi aweza kutabasamu. Lakini tabasamu haifuti disketi. Aidha, bondia hupambanishwa ili ijulikane nani ni nani, si ili wafanane, na hata katika ulingo maana ya neno haipotei. Asiyelitaka kabisa aandike sentensi ndefu: "Tafuta tofauti baina ya faili hizi, wala usibadili yoyote." Mimi sipendi istilahi ihitaji kusindikizwa na onyo, lakini bora onyo kuliko neno tupu.

Wako pia watakaouliza kwa nini gazeti la istilahi lishughulike na mashine ya mwaka 1987. Jibu langu ni kwamba zama hizo zilitupita bila maneno. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilipokuja kulegezwa mashine ziliingia pamoja na Kiingereza chake. Mwaka 2004, programu za ofisi za Jambo OpenOffice zilipotolewa kwa Kiswahili, disketi zilikuwa zikiondoka mezani, na hapakuwa na sababu ya kuzitafutia majina. Sasa twakuta makabati yenye disketi ambazo hakuna ajuaye zina nini, na kazi ya kwanza ya atakayeyafungua ni hiihii: kuzipambanisha nakala na kujua ipi ina nini, kabla hajaifuta hata moja.

Kwa mambo ya kiufundi mwongozo una upungufu ambao ni wa asili yake, lakini mfasiri mwangalifu angeweza kuutilia tanbihi. Hausemi kwamba DISKCOMP yaweza kutangaza tofauti ilhali faili zote ni zilezile, kwa sababu tu zimepangwa mahali tofauti katika disketi. Hausemi kwamba tarehe na ukubwa wa faili havitoshi kuthibitisha kitu. Na haulitaji kabisa jumla ya kuhakikishia, ile namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili nzima. Kwa njia iitwayo CRC ya biti 32, namba hiyo ni moja kati ya 4,294,967,296 zinazowezekana. Zikitofautiana, faili ni tofauti bila shaka. Zikiwa moja, ni vigumu sana, japo si muhali, kwamba faili ni tofauti. Anayeiandika namba hiyo katika daftari pamoja na jina la faili aweza kufanya upambanisho miaka ishirini baadaye, hata kama disketi moja imekwisha kuoza.

Daftari la namna hiyo halikuwapo chuoni. Faili ya ADF ya ile kadi ya mtandao ilipatikana baada ya majuma kadhaa, kwani wapenzi wa mashine hizi huko Marekani na Ulaya wamehifadhi nakala nyingi, na kadi sasa imepangwa na inafanya kazi. Lakini faili iliyopatikana ndiyo iliyopotea? Hakuna awezaye kusema. Mmoja wa wale wawili waliotakiwa kukabiliana hayupo tena.

Muswada niliurudisha ukiwa na marekebisho haya, na agizo la ukurasa wa nne limependekezwa lisomeke: "Pambanisha faili za maelezo kwa FC, na faili za kupimia kwa FC yenye herufi B. Andika kila tofauti. Usinakili chochote." Ndugu mfasiri amekubali upimaji, amekubali kuifuta "sawa", na baada ya kubishana kwa barua tatu amekubali upambanisho. "Diski ya rejea" amekataa kuiacha. Asema lebo iliyobandikwa kwenye disketi ina neno hilo kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayelitafuta kabatini lazima alione jina linalofanana nalo. Nimemwomba walau aiite disketi, na aongeze mahali inapotajwa mara ya kwanza kwamba ni ya kupangia na kupimia mashine. Hilo la mwisho amelipokea. La disketi bado analifikiria.